Dini mbalimbali dhidi ya ubaguzi na dhuluma: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Watu hutuuliza maswali haya baada ya misa, nje ya msikiti siku ya Ijumaa, kwenye bisi, na zaidi sana kwenye kilio, pale majirani wanapokesha pamoja na kuzungumza hadi alfajiri. Mengine huulizwa kwa sauti ya chini. Hayo nayo tumeyaweka hapa.

Ninyi ni nani?

Ni waumini wa kawaida: Wakatoliki, Wamethodisti, Wapentekoste, Wakimbangu, Waislamu, na wachache wasiosali popote. Tunakaa katika mitaa ya Lubumbashi: Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi na Kampemba. Kati yetu kuna walimu, mafundi cherehani, madereva, wauza unga sokoni na wastaafu wa reli. Hatuna ofisi wala bendera. Tulipatana jambo moja tu: mtu akitukanwa, akifukuzwa au akinyimwa haki kwa ajili ya kabila lake, rangi yake au dini yake, mtetezi wake wa kwanza atoke upande mwingine. Mluba wa Kasai akitukanwa, Msanga au Mbemba ndiye aanze kusema. Mwislamu akidhulumiwa, Mkristo atangulie. Mengine yote tunayofanya yanatokana na hilo.

Lubumbashi ni mji wa amani. Kwa nini mnafufua mambo ya ukabila?

Kwa sababu hayajafa. Na mji huu, tukisema kweli, ulijengwa juu ya ubaguzi tangu siku za kwanza.

Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati wa Wabelgiji, ilianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini na kampuni ya migodi, Union Minière, ikaanza kuyeyusha shaba. Wazungu walikaa upande mmoja, Waafrika upande mwingine, na katikati pakaachwa eneo tupu la mamia ya mita. Sababu iliyotolewa ilikuwa malaria: ati mbu wa mtaa wa Waafrika wasifike kwa Wazungu. Usiku ukiingia, Mwafrika aliyeonekana upande wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa alikamatwa. Anayetembea leo kutoka Kamalondo hadi katikati ya mji anavuka mpaka huo, ingawa siku hizi umejaa nyumba na maduka.

Ni hapa pia alipofungwa Simon Kimbangu. Alihubiri na kuombea wagonjwa kule Nkamba, Kongo ya Chini, kwa miezi michache tu ya mwaka 1921, na hakushika silaha. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Mfalme Albert I akaibadili hukumu iwe kifungo cha maisha, naye akaletwa Elisabethville, mbali kabisa na kwao. Alikaa gerezani miaka 30, akafia hapa tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa katika majimbo mengine, huku mke wake, Marie Muilu, akilishika kanisa kwa siri hadi alipofariki mwaka 1959. Tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa heshima yake. Wengi wetu hulala hadi saa nne siku hiyo bila kufikiri kwamba mtu huyo alimalizia maisha yake katika mji wetu.

Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, kwa sababu vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei na mishahara haikutosha. Tarehe 9 Desemba, wakiwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari waliwafyatulia risasi. Wafanyakazi wengi walikufa, pamoja na msemaji wao, Léonard Mpoyi. Kwenye uwanja ule walikuwapo watu wa Kasai, wa Luapula, wa Lomami na wa hapahapa, na risasi hazikuuliza kabila.

Miaka 50 baadaye mambo yakageuka: sisi kwa sisi. Mwaka 1992 na 1993, watu wa Kasai walifukuzwa katika Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba. Viongozi wa jimbo walichochea, vijana wa chama wakaenda nyumba kwa nyumba, na majirani wakaitwa bilulu, wadudu. Lubumbashi haikufikia hali ya Likasi na Kolwezi, lakini watu wa umri wetu wanakumbuka vizuri stesheni ya Likasi: familia zilizolala chini wiki baada ya wiki, na magodoro, masufuria na watoto wenye surua, zikingoja treni ya kwenda Kasai. Waliokuwa wamezaliwa hapa walipelekwa “kwao”, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kupaona. Waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu. Wengine walifia stesheni, wengine njiani.

Waliofukuza wengi walibatizwa. Waliofukuzwa pia walibatizwa. Waliketi benchi moja Jumapili. Hilo ndilo linalotunyima usingizi, na ndiyo sababu hatukubali kuambiwa tunafufua mambo ya zamani.

Lakini Wakasai kweli walichukua kazi zetu. Mbona hamsemi hilo?

Tunalisema, kwa sababu anayeuliza hivi mara nyingi ana uchungu wa kweli: kijana amemaliza masomo, hana kazi, na anaona ofisi imejaa jamaa wa bosi.

Tuanze na nani aliwaleta. Kampuni ya migodi ilihitaji mikono ambayo haikuipata karibu. Iliajiri Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ikaajiri Ruanda-Urundi, ikaajiri Kasai, na reli ilipofika Ilebo mwaka 1928 safari ya kutoka Kasai ikawa rahisi zaidi. Wakoloni walipenda kuyapanga makabila kwa vyeo: hili lina akili, lile ni vivu, jingine ni la kubeba mizigo. Waliosomeshwa mapema kwenye misheni walipata ukarani, na wengine wakabaki shimoni. Wivu kati ya Mkatanga na Mkasai ulipandwa na mwenye kampuni, naye alifaidika nao, kwa sababu wafanyakazi waliogawanyika hawagomi pamoja.

Sasa upendeleo wa leo. Upo. Bosi anayeajiri watu wa kabila lake tu anatenda dhuluma, awe anatoka Mbuji-Mayi kule Kasai au Kasenga hapa Katanga, na tumewahi kuandika barua kulalamikia jambo kama hilo. Tuliandika juu ya kitendo na mtendaji. Mama anayeuza mikate Katuba hakumwajiri mtu yeyote. Kumchomea kibanda hakumpi kijana wa Kenya hata siku moja ya kazi.

Dini zenyewe si ndizo zilizobagua? Leo mnatufundisha nini?

Swali hili ni la haki, na kila mmoja wetu hujibu kwanza kwa nyumba yake.

Wakatoliki kati yetu wanakiri kwamba misheni, serikali ya kikoloni na Union Minière zilifanya kazi bega kwa bega. Kanisa lilipewa shule na hospitali, nalo likafundisha utii. Askofu aliyeongoza Katanga kwa miongo mingi, Jean-Félix de Hemptinne, alikuwa nguzo ya mfumo ule. Waprotestanti wanajua kwamba mishonari wengi walikula meza tofauti na wachungaji wao Waafrika. Waislamu wanakumbuka jinsi serikali ya Wabelgiji ilivyowatilia shaka, ikizuia misikiti na shule za Kurani, lakini wanakiri pia kwamba wafanyabiashara wa watumwa waliopita Maniema na Tanganyika walisali kama wao. Hakuna anayeingia kikundi hiki akiwa msafi kwa niaba ya mababu.

Na kuna Rwanda, 1994. Watu walikimbilia makanisani wakidhani nyumba ya Mungu haiguswi. Huko Nyange paroko aliruhusu kanisa libomolewe kwa tingatinga juu ya waliokimbilia ndani. Mahakama ya Arusha ilimhukumu Padri Athanase Seromba kifungo cha maisha mwaka 2008. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Waadventista naye alihukumiwa mwaka 2003. Lakini mwaka huohuo wa 1994 walikuwapo Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu waliowaficha Watutsi darini na kwenye mashamba ya migomba, na baadhi yao waliuawa kwa ajili hiyo.

Joho halimzuii mtu kuua, wala kanzu. Kilichowatofautisha watu wale ni kama walikuwa wamezoea kukataa matusi ya kikabila kabla ya siku ile kufika. Anayecheka mzaha wa “wale watu” kila Jumapili kwa miaka 10 hataamka ghafla siku moja akawa shujaa.

Je, mnachanganya dini? Tutalazimishwa kusali pamoja?

Hapana. Mkutano wetu hufunguliwa kwa kimya cha dakika moja, kila mtu na Mungu wake. Hatuna sala ya pamoja iliyotungwa ili isimuudhi yeyote. Tulipoanza, baadhi yetu waliitaka. Wapentekoste na Waislamu ndio walioikataa kwa nguvu zaidi, na tunaona walikuwa na haki. Mtu asiyeamini sawasawa na wewe hahitaji ukubaliane naye kuhusu Yesu au Mtume ili umtetee asipigwe.

Kwenye kilio tuna kanuni moja: nyumba yenye msiba ndiyo inayoamua ibada. Marehemu akiwa Mwislamu, sisi wengine tunasimama nyuma na kunyamaza. Akiwa Mkimbangu, tunavua viatu pale wanapovua.

Kaye mnayoizungumzia ni kitu gani?

Kila aliyekaa Lubumbashi anaijua kaye ya kilio. Ni daftari la shule, mara nyingi la kurasa 48, ambalo kijana mmoja hulishika mlangoni, chini ya bashi, yaani turubai, na kuandika michango: jina, namba ya nyumba, franga ngapi, au “viti 10”, au “mfuko wa makaa”. Ukisoma kaye ya mtaa wetu utakuta mchele ulioletwa na Mwislamu kwa ajili ya mazishi ya Mkatoliki, na viti vya kanisa la uamsho vilivyokopeshwa kwa familia ya Wakimbangu. Mwenye kushika kaye haulizi kabila. Anaandika tu, naye hafichi kitu, kwa sababu familia itaisoma kesho.

Tulichukua desturi hiyo. Kila mtaa wenye watu wetu una kaye yake ya matukio: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, mashahidi, na nini kilifuata. Hatuandiki “kulikuwa na chuki”. Tunaandika, kwa mfano, kwamba mwenye nyumba alimwambia mpangaji aondoke “kwa sababu watu wa kabila lenu hamlipi”, wakati risiti zote zilikuwapo. Miezi ikipita, kaye huonyesha ambacho jicho la siku moja halioni: kwamba malalamiko huongezeka uchaguzi unapokaribia, na kwamba nyumba za kupanga ndimo ubaguzi unamokaa zaidi kuliko barabarani.

Kwani ukabila na ubaguzi wa rangi ni kitu kimoja?

Sheria ya Kongo imeviweka pamoja tangu zamani. Amri-sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu anayeonyesha chuki ya rangi, ya kabila au ya jimbo kwa maneno, ishara, maandishi au picha, na anayechochea chuki hiyo. Adhabu ni kifungo cha mwezi 1 hadi miaka 2, na faini, au kimojawapo. Kila shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa, angepaswa kuijua kwa moyo. Wengi hawajawahi kuisikia.

Katiba ya 2006 nayo iko wazi. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongo katika elimu na kazi za serikali kwa sababu ya dini, rangi, kabila au asili ya familia. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kukaa popote nchini. Kwa hiyo neno “rudi kwenu”, likisemwa kwa Mkongo ndani ya Kongo, linapingana na katiba.

Audio ya chuki imeingia katika kikundi cha kwaya yetu. Nifanye nini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tulijibu kwa kirefu.

Usiisambaze, hata kwa nia ya kuonya. Kila anayeituma “ili muone ubaya wa watu” ameipeleka mbali zaidi. Lakini usiifute haraka. Hifadhi nakala, andika tarehe, saa na namba iliyoituma, piga picha ya skrini. Bila hivyo hakuna ushahidi.

Halafu jibu palepale kwenye kikundi, kabla watu hawajalala. Ukimya wa kwaya nzima husomwa kama kibali. Usihubiri. Uliza maswali mafupi: “Ndugu, hii umeitoa wapi? Ulimwona mwenyewe? Wimbo wa Jumapili tutauimba na nani, ikiwa nusu ya sauti ya pili ni watu hao?” Ukiweza, jibu kwa audio. Sauti yako wanaijua, na sauti inayojulikana inashinda sauti ya mgeni mwenye hasira.

Baadaye mpigie simu aliyeituma, peke yake. Mara nyingi utakuta mtu mwenye hofu, aliyeambiwa kwamba kuna jambo linakuja. Msikilize. Mwambie ukweli kwa upole wa mtu utakayekutana naye mazoezini Alhamisi. Akiendelea, mwende wawili kwa kiongozi wa kwaya, mmoja wenu awe wa kabila la mtumaji. Na kama audio inaita watu wapigwe, wafukuzwe au wauawe, hapo hakuna mazungumzo ya kindugu tena: peleka nakala kwa ofisi ya mwendesha mashtaka. Kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu anayeeneza kwa makusudi maneno ya kibaguzi na ya kikabila kwa njia ya mtandao. Msifanye peke yenu. Njooni tuandamane nanyi.

Na wale wanaoshukiwa kwa sura zao tu?

Tunawatetea, na tunajua jambo hili linatugharimu. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, Januari na Februari 2025, watu hapa wana ndugu waliokufa na waliokimbia. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini mtu mrefu mwenye pua nyembamba anayepita Kenya hakuuteka mji wowote. Agosti 1998, vita vya pili vilipoanza, Watutsi na waliofanana nao walisakwa katika miji kadhaa ya Kongo, Lubumbashi ikiwemo. Wengine hawakuonekana tena. Kuna familia zilizowaficha majirani zao wakati ule na hadi leo hazisemi kwa sauti. Tungependa ziseme.

Kulaani jeshi linaloua na kukataa kumwinda jirani ni mambo yanayokaa katika moyo mmoja. Maaskofu wa CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki wa Kongo, na wachungaji wa ECC, muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, walipozindua pamoja mpango wao wa amani na wa kuishi vema pamoja mwaka 2025, walitukanwa na pande zote. Si lazima ukubaliane na kila hatua yao. Lakini Wakatoliki na Waprotestanti kuketi gari moja kwenda kuongea na wenye bunduki ni jambo ambalo babu zetu hawakuliona.

Je, Wabatwa mnawahesabu?

Ndiyo, hao watu wa asili wa msituni tunawahesabu, na tunaona aibu kwamba swali hili huja nadra. Kaskazini mwa Katanga ya zamani, katika jimbo la Tanganyika, vita kati ya Wabatwa na Waluba vilichoma vijiji vya Nyunzu, Manono na Kabalo na kuwakimbiza watu wengi hadi Kalemie. Chanzo kilikuwa dharau ya siku nyingi: Mbatwa alifanya kazi shambani kwa malipo ya chumvi au nguo kuukuu, na hakuwa na sauti kwenye kikao cha kijiji. Kilichosaidia mahali pengi ni baraza, ambamo Wabatwa na Waluba waliketi kwa idadi sawa, na wanawake wao pia. Tangu tarehe 15 Julai 2022 kuna sheria ya kulinda haki za Wabatwa. Sheria haimfikishi mtoto darasani peke yake. Parokia na makanisa yenye shule huko ndiyo yanayoweza.

Kazini kwetu mgodini, mabosi wageni wanatudharau. Hilo nalo linawahusu?

Linatuhusu sana. Mfanyakazi anayepigwa, anayeitwa majina ya wanyama au anayepewa chakula na choo tofauti kwa ajili ya rangi yake anadhulumiwa vilevile, awe bosi ni Mzungu, Mchina, Mhindi au Mkongo mwenzake. Kanuni ya Kazi ya 2002 inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya rangi, dini au asili yake. Andikeni, wekeni tarehe, pelekeni kwa sendika na kwa mkaguzi wa kazi. Mkitaka, padri, pasta na imamu watakwenda nanyi, na tumeona kwamba mlango wa kampuni hufunguka haraka kidogo joho na kanzu vikisimama mbele yake.

Tunaomba jambo moja. Msimgeuze kila Mchina wa dukani kuwa adui. Hapo ndipo madai mazuri yanapoharibika.

Mtaani kwetu ni Wakristo watupu. Tutaanzaje?

Anzeni na madhehebu. Kati ya Mkatoliki na mtu wa kanisa la uamsho kuna dharau ya kutosha kufanyiwa kazi mwaka mzima. Kisha mwende mahali. Kuwasoma watu wa dini nyingine hakutoshi.

Sisi tulijifunza mengi kwa kusimama mbele ya sinagogi ya mjini, iliyojengwa mwaka 1930. Wayahudi wengi wa Elisabethville walitoka kisiwa cha Rhodes, na rabi wao Moïse Levy, aliyekuja mwaka 1937, alikaa nao zaidi ya miaka 50. Julai 1944 Wanazi waliwachukua Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Karibu wote waliuawa. Kwa hiyo, wakati Waafrika wa mji huu walipokuwa wanakatazwa kuvuka eneo tupu usiku, ndani ya mji huohuo kulikuwa na familia ambazo wazazi na dada zao waliuawa kwa nadharia ileile ya rangi za juu na rangi za chini. Waliishi upande wa Wazungu na walifaidika na mpaka ule, hilo nalo ni kweli. Vijana wetu waliposikia hadithi hizi mbili pamoja walikaa muda mrefu bila kuuliza kitu.

Kuna mahali ambapo jambo hili limefaulu?

Bangui ni mji mkuu wa nchi jirani. Nchi ya Afrika ya Kati ilipoingia katika mauaji mwaka 2013, Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga, Imamu Oumar Kobine Layama na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou waliunda jukwaa la dini na kuzunguka pamoja vijijini. Imamu alipotishiwa, askofu alimchukua nyumbani kwake, naye akaishi hapo miezi kadhaa. Vita havikuisha kwa sababu yao. Lakini hakuna aliyeweza tena kusema kwa urahisi kwamba ni vita vya Kristo na Mohamedi.

Cape Town nako. Imamu Abdullah Haron alipinga ubaguzi wa rangi, akafia mikononi mwa polisi Septemba 1969. Waliodai alianguka ngazini walikanushwa na mahakama mwaka 2023, miaka 54 baadaye. Tarehe 13 Septemba 1989 maelfu waliandamana mjini humo, na mbele yao Askofu Mkuu Desmond Tutu alitembea pamoja na viongozi wa Kiislamu. Wafanyabiashara wetu wanaovuka Kasumbalesa kwenda kusini wangeweza kutuletea hadithi hizi pamoja na bidhaa.

Je, hii ni siasa?

Kudai haki ni jambo la mji mzima, kwa hiyo ndiyo, kwa maana hiyo. Ya vyama hatufanyi. Mwanachama akigombea uongozi huacha kusema kwa niaba yetu siku hiyohiyo. Na zawadi ya mwanasiasa, hata mfuko wa unga wa bukari, hairuhusiwi kwenye mkutano.

Pesa mnapata wapi?

Michango yetu, inayoandikwa kwenye kaye ambayo yeyote anaweza kuisoma.

Tukitaka kuandamana, tunahitaji ruhusa?

Kifungu cha 26 cha katiba kinasema taarifa ya maandishi kwa mamlaka husika. Taarifa, si ombi. Mwandikieni meya mapema, mpeleke nakala mbili, na msitoke ofisini bila muhuri wa kupokelewa juu ya nakala yenu. Wekeni njia mtakayopita, saa ya kuanza na ya kumaliza. Chagueni watu wa kulinda mstari, wake kwa waume, kutoka kila dini. Watoto wabaki nyumbani. Mkiona hatari, simamisheni, rudini siku nyingine: hatuna haki ya kuhesabu ujasiri kwa maiti za wengine.

Mtoto wangu anaitwa majina ya kikabila shuleni. Nianzie wapi?

Anza kwa kumsikiliza hadi mwisho, na uandike maneno yenyewe. Nenda kwa mwalimu ukiwa na mzazi mwingine wa darasa hilo, ikiwezekana wa kabila na dini tofauti na yako. Ukienda peke yako utaambiwa ni utani wa watoto.

Mwalimu asipochukua hatua, mwandikie direkta. Kumbuka kwamba shule nyingi za serikali katika nchi yetu zinaongozwa na dini, kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1977: kuna za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbangu, na za Kiislamu pia. Kila mtandao una mratibu wake hapa Lubumbashi. Kwa hiyo nakala ya barua imfikie mratibu wa mtandao huo. Yeye hawezi kusema hayamhusu, maana jina la dini yake limeandikwa kwenye ukuta wa shule.

Omba mambo mawili yaliyo wazi: mwalimu azungumze na darasa zima bila kumtaja mtoto wako, na wazazi wa waliotukana waitwe. Usiombe mtoto wa watu afukuzwe. Wiki mbili zikipita bila jibu, tuletee nakala yenye muhuri. Barua ya pili itatiwa saini na padri, pasta na imamu wa mtaa wenu, na tutaipeleka kwa mikono.